KWA NINI ANUNUE SANTURI ALIYO NAYO?

Somo la redio kwa wanakisomo wa Morogoro na milima ya Uluguru, limepigwa chapa kama lilivyosomwa. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole kabla ya mazungumzo.

Natumaini wote mmekwisha kaa, na redio inasikika vizuri hata huko Mgeta, Matombo na Kinole. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno la somo letu la leo: NAKALA. Wanakisomo, lisomeni kwa sauti: na-ka-la. Nakala ni kitu kilichofanywa kufanana na kingine. Ukiwa na barua mbili zenye maneno yale yale, hizo ni nakala mbili za barua moja.

Leo tutazungumza juu ya watu wanaonunua kitu ambacho tayari wanacho. Sisemi juu ya mama aliyeishiwa na chumvi akanunua chumvi nyingine. Nasema juu ya mtu mwenye santuri nzima nyumbani, inayolia vizuri, naye akiona nyingine iliyo sawa na hiyo anatoa fedha na kuinunua. Kesho akiona ya tatu, anainunua pia. Je, mtu huyo ana akili timamu, au anachezea fedha? Tusimhukumu upesi. Tuzitazame kwanza sababu zake, moja moja.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi cherehani hapa mjini Morogoro. Alikuwa na sanduku la bati lililojaa santuri, na nyimbo kadhaa alizopenda alikuwa nazo mbili mbili. Bibi yangu hakupendezwa. Alikuwa akisema, "Bwana wee, wimbo ule ule mara mbili, na unga umekwisha!" Naye babu hujibu, "Wimbo ni mmoja, lakini santuri ni mbili." Mimi nilipokuwa mtoto niliona kuwa hilo si jibu. Siku hizi naona kwamba ndani ya maneno yale machache mlikuwa na somo zima.

SANTURI NA MJI WETU

Vijana wengine hawajapata kushika santuri mkononi. Santuri ni sahani nyembamba, nyeusi mara nyingi, yenye tundu katikati. Juu yake umechongwa mfereji mmoja mwembamba sana, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Sahani huzungushwa na mashine, na sindano ndogo hupita ndani ya mfereji huo. Kuta za mfereji hazikunyooka. Zina mikunjo midogo, na sindano ikipita hutikisika. Kutikisika huko ndiko kunakogeuzwa kuwa sauti.

Santuri si jambo geni hapa kwetu. Mji wa Morogoro ulikuwa mji wa muziki, uliosikika Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda bendi hapa, ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Jina hilo linatuonyesha alikuwa akisikiliza nini. Santuri za muziki wa Kuba zilikuwa zikiuzwa katika nchi zetu, na vijana wa mjini walizipenda. Basi santuri zilizaa bendi, na bendi nayo ikazaa santuri. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari.

Tena kulikuwa na Morogoro Jazz, ambayo Mbaraka Mwinshehe aliiletea sifa kubwa kwa gitaa lake na sauti yake. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Watu hawa wawili hawako tena, wala hawawezi kurudi studio kurekodi upya. Sauti zao zimebaki katika vitu tu, yaani katika santuri na kanda. Ndiyo maana hesabu ya vitu hivyo ni jambo la maana.

SABABU YA KWANZA: KITU KINACHOTUMIKA HUCHAKAA

Kila mara sindano inapopita katika mfereji, inaukwaruza kidogo. Vumbi likiingia, sindano hulisaga ndani kama mchanga katika unga. Wimbo unaopendwa ndio unaopigwa sana, na unaopigwa sana ndio unaoharibika upesi. Tazameni jambo hili la kusikitisha: tunakiharibu kile tunachokipenda, kwa sababu tunakipenda.

Santuri za zamani zaidi, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilikuwa na hatari nyingine. Zilitengenezwa kwa kitu kigumu cha jamii ya lakiri, kinachotokana na wadudu wadogo wanaopatikana India. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili, na sauti yake ikatiwa katika santuri za namna hiyo. Fikirini ni ngapi zilizovunjika kwa kuponyoka mkononi tu!

Baadaye zikaja santuri ndogo za plastiki, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Hizo hazivunjiki upesi, lakini zikiachwa juani hupinda. Babu aliwahi kuazimisha moja kwa shughuli ya harusi. Ilirudi imepinda kama kikaango, kwa kuwa ilisahauliwa juu ya meza nje, saa sita mchana.

Basi mwenye kupenda santuri hufanya kama mkulima wa Uluguru. Mkulima akivuna mahindi, hayali yote. Huchagua magunzi mazuri, akayaning'iniza juu ya meko yapate moshi, wadudu wasiyatoboe. Hayo ni mbegu. Hata njaa ikibisha hodi, mbegu haiguswi mpaka hapana budi. Vivyo hivyo santuri ya kwanza ni ya kupigwa, na ya pili ni mbegu.

SABABU YA PILI: NI SAWA KWA JINA, SI SAWA KWA SIKIO

Mtu anaweza kusema, santuri mbili za wimbo mmoja ni sawasawa. Sivyo sikuzote. Kiwandani sauti huchongwa kwanza katika sahani moja laini. Kutokana na sahani hiyo hufanywa muhuri wa chuma. Muhuri huo hukandamiza plastiki ya moto, na kila ukikandamiza inatoka santuri moja. Mmepata kuona muhuri wa ofisini uliotumika miaka mingi? Herufi zake hufifia. Muhuri wa santuri nao huchoka, na kwa hiyo zilizotoka mwanzo huweza kulia kwa usafi kuliko zilizotoka mwisho.

Tena wimbo mmoja huweza kutolewa kwa namna mbalimbali. Santuri ndogo hubeba dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji alilazimika kuinuka katikati ya raha yake na kuigeuza santuri. Santuri kubwa huweza kubeba dakika ishirini au zaidi kila upande. Baada ya kifo cha Mbaraka Mwinshehe, nyimbo zake zilitolewa tena katika santuri kubwa na kanda zilizopewa jina la Ukumbusho. Mtu aliyekuwa na santuri ndogo akainunua na hiyo kubwa. Mgeni humwona amenunua kitu kimoja mara mbili, lakini yeye mwenyewe anajua kwamba amenunua vitu viwili.

SABABU YA TATU: HUENDA ISIPATIKANE TENA

Santuri nyingi za bendi zetu zilipigwa chapa Kenya. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Baadaye kaseti zikachukua mahali pa santuri, na viwanda vikaacha kuzitengeneza. Tangu hapo hesabu ya santuri za zamani haiongezeki. Inaweza kupungua tu. Kila inayovunjika imekwenda. Mtu anayelijua jambo hilo, akiiona moja safi kwa mwuza vitu vikuukuu, hulisikia moyoni neno hili: nikiiacha leo, kesho sitaiona. Basi huinunua, hata kama nyumbani anayo.

SABABU YA NNE: KUTOA NA KUBADILISHANA

Akina mama mtalielewa jambo hili kuliko wanaume. Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili vilivyo sawa, vyenye jina moja. Mama anaweza kuvaa vyote viwili, au kimoja akampa dada yake au shoga yake. Wakionekana wamevaa sawa, watu hujua kwamba wanapendana. Je, kipande cha pili kilikuwa hasara? Sivyo. Kilifanya kazi ambayo kipande kimoja hakiwezi kuifanya.

Mwenye santuri mbili pia anaweza kumpa ndugu moja. Au akutane na mtu mwenye mbili za wimbo mwingine, wabadilishane, na kila mmoja arudi nyumbani na wimbo mpya bila kutoa fedha. Mwenye moja tu hawezi kutoa kitu. Atafunga sanduku lake na kuogopa wageni.

SABABU YA TANO: BEI

Sababu hii tutaipita upesi, lakini hatuwezi kuificha. Wako wanaonunua cha pili kwa kuwa wanatumaini bei itapanda. Leo katika Marekani, Ulaya na Japani wako watu wanaokusanya michezo ya video, yaani michezo inayochezwa kwa mashine iliyounganishwa na televisheni. Baadhi yao hununua mchezo ule ule mara mbili. Mmoja huchezwa, na wa pili hukaa ndani ya karatasi yake ya dukani bila kufunguliwa. Wana sababu zile zile tulizozitaja. Michezo mingine ya zamani ina betri ndogo ndani ya kuweka kumbukumbu, na betri hufa. Tena mchezo uliouzwa Japani huweza kuwa tofauti na ule uliouzwa Marekani. Lakini fedha nazo zimo. Mwezi wa Julai 2021, huko Marekani, mchezo mmoja wa mwaka 1996 uitwao Super Mario 64 uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Ulipata bei hiyo kwa sababu ulikuwa haujafunguliwa wala kuchezwa.

Hapa ndipo tuulize: kitu kilichofanywa kwa ajili ya kuchezwa, kisipochezwa kamwe, kina kazi gani? Na wimbo usiosikilizwa na mtu ni wimbo kweli? Mtu akinunua nakala kumi ili nyingine zipungue, naye auze ghali, huyo halindi kitu. Analangua. Nakala ya pili inaweza kuwa hekima, nayo inaweza kuwa choyo. Tutaitambuaje tofauti?

SANDUKU MOJA

Nitawaambia yaliyompata babu. Usiku mmoja kibatari kilianguka katika chumba alichoweka vitu vyake. Watu walitoka wazima, tunamshukuru Mungu, lakini chumba kiliungua. Asubuhi sanduku la bati lilikuwepo. Ndani yake santuri zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kama ubani. Za kupigwa na za akiba, zote pamoja. Miaka mingi alikuwa amenunua mbili mbili ili asipoteze, na moto mmoja ukazichukua zote, kwa kuwa zote zilikuwa mahali pamoja.

Jambo hili halikumpata fundi cherehani peke yake. Limewapata hata wataalamu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, wataalamu walipanda milima yetu ya Uluguru, Franz Stuhlmann mwaka 1894, na Walter Goetze mwaka 1898. Walichuma majani na maua, wakayakausha na kuyapeleka Berlin. Desturi ya wataalamu wa mimea ni kuchuma vipande kadhaa vya mmea mmoja, ili kipande kimoja kikae katika nyumba hii ya elimu na kingine katika nyumba ile. Mwezi wa Machi 1943, katika vita kuu ya pili, mabomu yaliiangukia nyumba ya mimea ya Berlin ikaungua. Mimea mingi ya nchi yetu iliyowekwa humo ikawa majivu. Ile iliyokuwa na nakala katika nyumba nyingine, ng'ambo ya mpaka na ng'ambo ya bahari, ikasalimika. Ile iliyokuwa moja tu, haikubaki.

Na mwaka 2008, huko Los Angeles katika Marekani, moto uliunguza ghala la kampuni kubwa lililokuwa na kanda za asili za wanamuziki wengi. Walikuwa na fedha, walinzi na magari ya zimamoto. Moto haukujali.

Kwa hiyo, ndugu wanakisomo, jibu la swali letu ni hili. Nakala ya kwanza ni ya kutumia. Nakala ya pili ni ya kinga. Lakini kinga haimo katika kuwa na mbili tu. Imo katika kuziweka mbili mbalimbali. Mkulima mwenye busara hugawa mbegu, nyingine akaiweka kwa dada yake kijiji cha pili, ili panya wa nyumba moja wasiimalize. Mwenye choyo hukusanya nakala zote chini ya kitanda chake, na mwisho wake huzipoteza zote kwa siku moja. Basi hekima na choyo tutazipambanua kwa swali moja: nakala ya pili iko wapi, na nani mwingine anaweza kuifikia?

SANTURI YA MATOMBO

Hadithi ya babu haikuishia pale. Miaka mingi kabla ya moto, ndugu yake mdogo alipooa huko Matombo, babu alimpa santuri moja katika zile alizokuwa nazo mbili. Bibi alinung'unika siku ile pia. Baada ya moto, babu alipanda gari mpaka Matombo kumtembelea ndugu yake. Wakaipiga. Ilikuwa na mkwaruzo, na mahali pamoja sindano iliruka ikarudia neno moja mara tatu. Babu aliisikiliza mpaka mwisho. Ndugu yake akamwambia, "Kaka, ichukue, ni yako." Babu akakataa. Akasema, "Ikae huku huku. Kwangu iliungua."

Mwaka juzi nilikwenda Matombo na simu yangu, nikaurekodi wimbo ule pamoja na mkwaruzo wake. Sasa uko katika simu yangu, kwa dada yangu Dodoma, na kwa wajomba wawili. Bibi angekuwa hai, labda angeuliza kwa nini tumeuchukua mara nne.

MAMBO YA KUFANYA

Pengine nyumbani kwenu iko santuri ya zamani, au kanda. Redio ya taifa ilikuwa ikirekodi bendi zetu katika studio yake, na nyingi katika nyimbo hizo hazikutolewa kwa santuri. Watu waliporekodi redio kwa kaseti zao, huenda walihifadhi kitu kisichopatikana kwa urahisi mahali pengine. Basi msitupe ovyo.

Santuri ishikwe kwa ukingo, si kwa kiganja, maana mafuta ya mkono hushika vumbi. Isimamishwe wima kama kitabu, isilazwe chini ya mzigo. Isiachwe juani wala karibu na meko. Rekodi sauti yake kwa simu mahali penye utulivu, kisha umpelekee mtu wa nyumba nyingine. Na kwa kuwa sasa mnajua kuandika, andikeni katika karatasi jina la bendi, jina la wimbo, na mlikoipata. Wimbo bila jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tena fikirini juu ya karatasi zenu wenyewe. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba: je, mnazo nakala? Na nakala hizo ziko wapi? Kama ziko katika bahasha ile ile, chini ya godoro lile lile, mjue kwamba mbele ya moto mnayo moja tu.

Tutakutana tena katika somo lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

Nakala: kitu kilichofanywa kufanana na kingine.
Santuri: sahani iliyotiwa sauti, ipigwayo kwa mashine.
Akiba: kitu kilichowekwa kwa siku ya mbele.
Kulangua: kununua vitu na kuviuza kwa bei kubwa kupita kiasi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini wimbo unaopendwa sana ndio unaoharibika upesi?
2. Santuri mbili za wimbo mmoja zinaweza kutofautiana kwa njia gani?
3. Kwa nini nakala mbili za babu zilipotea pamoja? Na ile ya Matombo ilisalimikaje?
4. Bibi alisema, "Unga umekwisha." Je, alikuwa na haki? Semeni ninyi mnaonaje.
5. Tajeni kitu kimoja cha nyumbani kwenu kinachostahili kuwa na nakala. Mtaiweka kwa nani?